Siku Tulipouona Utumbo wa Nyanzala

Wenzangu wa idara ya mionzi, siku ya kuniaga mlinipa khanga mbili, saa ya ukutani na hotuba ndefu iliyosema nimefanya kazi bila kuchoka. Khanga nimezivaa na saa inakwenda vizuri, ila hilo la kutochoka si kweli. Nilichoka mara nyingi sana, hasa miguu. Kilichonirudisha kazini kila asubuhi ni kitu kingine, na kwa kuwa sasa nina asubuhi nzima za kukaa barazani, nimeona niwaandikie. Ni hamu ya kuona. Mtu analala mezani, amefunikwa na ngozi yake kama sisi sote, na baada ya dakika chache unaona kilichomo ndani. Mpaka leo sijalizoea jambo hilo, na sitaki kulizoea.

Habari za vyeo naziacha. Vyeo vyangu vyote vingeenea kwenye mstari mmoja. Nitawaandikia habari za matumbo, maana ndiyo yaliyonisumbua kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mfupa ukivunjika umevunjika, hata karani wa mapokezi anauona. Utumbo hautulii. Unajikunja, unajificha nyuma ya mkunjo mwingine, unajaa hewa, na ukimwuliza mgonjwa panapouma anapapasa tumbo zima kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Nilitoka nyumbani Goweko kwa treni, na sanduku la bati na barua ya kuripoti kazini. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango chetu, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kazi niliyosomea ni ya namna gani. Mama aliwaambia majirani kwamba nimeajiriwa kupiga watu picha, nao wakaniomba nikirudi likizo nije na kamera.

Idara yetu pale Tabora wakati huo ilikuwa vyumba viwili na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Mzee Maganga, Mmoraviani aliyekaa upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, na alikuja kazini kwa baiskeli akiwa amebana suruali kwa vibanio vya nguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, iliyonifika kwenye vifundo vya miguu. Hakunikaribisha kwa maneno mengine. Alifungua mlango wa chumba cha giza, tukaingia, akafunga. Nilisimama pale nikinusa dawa za kuoshea filamu, sioni hata mkono wangu. Nilipoanza kupapasa ukuta, alisema taratibu, "Subiri macho yako yafike."

Yalipofika, niliona taa ndogo nyekundu, mabeseni matatu na filamu zilizoning'inia kwenye fremu. Mzee Maganga hakutumia saa kuhesabu muda wa kuosha. Aliimba. Wakati wa baridi filamu ilikaa kwenye dawa kwa beti tatu za wimbo wa mazishi, na wakati wa joto, dawa inapofanya kazi upesi, beti mbili. Hivyo mimi binti wa Kikatoliki nilijifunza nyimbo za Kimoraviani zote za maziko kabla sijajifunza kupiga picha ya kifua inayoridhisha. Alikubali nitumie saa ya mkononi, ila alisikiliza gizani, na beti zake zikiisha kabla sijatoa filamu alikohoa.

Picha ya kwanza ya tumbo niliyoosha mwenyewe ilikuwa ya mzee aliyeletwa na mkokoteni wa ng'ombe, tumbo limejaa kama ngoma na hapati choo wala hapitishi hewa. Niliishika filamu kwenye beseni chini ya taa nyekundu, nikaona weusi unapanda polepole. Kwanza mbavu, kisha uti wa mgongo, halafu kitu kikubwa kilichojaza tumbo kuanzia nyonga hadi chini ya mbavu, kimejikunja katikati kama punje ya kahawa. Mzee Maganga alinisogelea begani. Akaniambia utumbo mpana umejisokota, na kwamba niikimbize filamu kwa daktari ikiwa bado inachuruzika maji. Nilikimbia nayo uwanja mzima wa hospitali nikiishika kwa pembe. Mgonjwa alipasuliwa mchana uleule, na baada ya siku nane aliondoka kwa miguu yake. Jioni ya siku ile nilimsimulia mama mwenye nyumba niliyopanga, nikachora punje ya kahawa kwa ncha ya kijiko, mpaka akasogeza sahani yake pembeni. Sikuweza kula na mimi. Furaha ilikuwa imenishibisha.

Baadaye nilifundishwa kazi ya bariamu. Ninyi wengi mmeisoma tu. Ni unga mweupe unaokorogwa ukawa uji mzito, mgonjwa anaunywa, nawe unapiga picha kila nusu saa ukiufuata unavyopita kwenye utumbo mwembamba, tangu tumboni mpaka unapoingia utumbo mpana. Ladha yake ni ya chokaa. Tuliweka sukari na ndimu, ikawa chokaa yenye sukari na ndimu. Kazi yote iko kwenye kusubiri. Ukichelewa, uji umepita, na ulichotaka kukiona umekikosa.

Nami nilichelewa. Hili sijawahi kulisema mbele ya watu, ila mnastahili kulijua. Alikuja mfanyakazi wa reli kutoka Igalula, mtu mpole mwenye watoto wanne, anayeumwa tumbo kila baada ya kula. Nilimpiga picha tatu za mwanzo kwa wakati wake. Kabla ya picha ya nne alikuja rafiki yangu kutoka wodini, tukaenda kunywa chai, maongezi yakanoga. Niliporudi ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima. Nikapiga picha, uji wote ulikuwa umeshafika utumbo mpana, umetulia, hauna neno. Nikaandika kwenye fomu muda uliotakiwa, si muda uliokuwa. Daktari aliziona picha, akamwambia hana tatizo kubwa, akampa dawa za vidonda vya tumbo.

Alirudi baada ya wiki chache, utumbo umepasuka. Walipomfungua walikuta sehemu nyembamba kama shina la bua, mahali ambapo uji ulikuwa unapita wakati mimi nakunywa chai. Alifia wodini. Nilimweleza Mzee Maganga yote, nikingoja anipeleke kwa wakubwa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Picha ambayo hukuipiga, hakuna daktari anayeweza kuisoma." Kisha akalitafuta jina la yule mtu kwenye daftari la idara, akanipa kalamu, akanitaka niandike muda wa kweli kwa mkono wangu. Niliandika. Tangu siku hiyo mgonjwa wa bariamu nilikaa naye, nikila chakula changu palepale mbele yake, jambo ambalo wagonjwa waliofunga kula hawakulipenda.

Mzee Maganga alistaafu, nikabaki na funguo. Ikaja altrasaundi, na kwa miaka miwili nilikuwa kama mtoto aliyepewa darubini. Niliona kwa mara ya kwanza utumbo wa mtoto mchanga ulioingia ndani ya utumbo mwingine, duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa, na mtoto akaokolewa. Halafu, miaka yangu ya mwisho mwisho, ikaja mashine ya CT. Walibomoa ukuta kuiingiza. Nilisimama pale na kofia ya fundi ujenzi kichwani, nikimfokea kila aliyeweka chupa ya soda juu ya makreti.

Nilipelekwa Dar es Salaam kujifunza kuitumia, mimi mwenye mvi nikikaa dawati moja na vijana wanaoandika kwa vidole gumba. Huko ndiko nilikoonyeshwa kipimo kilichonikosesha usingizi kwa raha. Badala ya uji mzito, mgonjwa anakunywa maji mengi yenye dawa inayoyazuia yasinyonywe haraka na mwili. Maji hayo yanaukunjua utumbo mwembamba wote. Kisha anachomwa dawa ya rangi mshipani, na mashine inachukua picha za tumbo vipande vipande, vyembamba kama karatasi. Kwenye bariamu tulikuwa tunaona njia tu, yaani tundu la ndani. Hapa unaona ukuta wa utumbo wenyewe, unene wake, mishipa yake, na vilivyo nje yake. Nilijaza daftari zima. Mwalimu wetu alikuwa daktari bingwa wa kusoma picha, mama mdogo wa umbo aitwaye Daktari Neema, na tulipoagana alinipa namba yake, akaniambia siku nikikifanya kipimo hicho Tabora nimtumie picha.

Zaidi ya mwaka ulipita bila kumpata mgonjwa wa kufanyiwa kipimo hicho. Ndipo akaja Nyanzala. Jina lake ninalitumia kwa ruhusa yake. Alisema nikiweka jina la uongo hatanisamehe.

Alitoka Puge, hajafika miaka thelathini, mkulima wa mpunga. Alikuja na baba yake, Mzee Shija, mfugaji na mkulima, mrefu, mwenye rubega begani na maneno machache. Nyanzala alikuwa ameumwa kwa miaka miwili. Maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, kuharisha, kutapika baada ya kula, na mwili uliokwisha hata pete yake aliifunga uzi isidondoke. Alitibiwa homa ya matumbo, akatibiwa amiba, mwishowe akaambiwa ni kifua kikuu cha utumbo. Kwetu huku kifua kikuu hupenda kukaa palepale, mahali utumbo mwembamba unapoingia utumbo mpana, kwa hiyo aliyemwambia hivyo hakukosea kufikiri. Akameza dawa za kifua kikuu mpaka akamaliza, bila kuruka hata siku moja. Hazikumsaidia. Sasa utumbo ulikuwa unaziba na kuachia, na daktari wetu wa upasuaji, Daktari Mrisho, alikuwa amemwandika kwenye orodha ya Alhamisi amfungue na kukata sehemu iliyoziba.

Nilimwona Jumanne, alipoletwa kupigwa picha ya kawaida ya tumbo. Nilipokuwa nampanga mezani alinieleza habari zake kwa utaratibu kama mtu anayesoma mahudhurio darasani. Ni pale aliposema kwamba maumivu huhama, leo yako hapa na kesho yako juu kidogo, ndipo mikono yangu iliposimama. Nikakumbuka ukurasa mmoja wa daftari langu la Dar es Salaam, wenye mchoro wa utumbo unaougua mahali zaidi ya pamoja.

Nilimfuata Daktari Mrisho wodini. Ni mtu mwema na mwenye haraka, na aliponiona na daftari alijua. Akaniuliza, "Mama Leokadia, leo unataka kupika nini?" Nikamweleza kipimo chote tangu mwanzo. Hakubeza. Aliuliza swali lililotakiwa, kwamba mtu ambaye utumbo unaziba utamnyweshaje lita moja na nusu ya maji. Nikamjibu kwamba bado anapitisha hewa, kwamba tutaanza na kikombe kimojakimoja, na tumbo likivimba au akitapika tunaacha papo hapo. Nikaongeza kwamba kama ugonjwa uko mahali pamoja, picha itamwonyesha wapi pa kukata, na kama uko mahali pengi, ni vizuri ajue kabla ya kushika kisu. Alifikiri kidogo. Akasema atanipa Jumatano asubuhi, na kwamba atakuwepo yeye mwenyewe.

Mfamasia alitoa chupa za manitoli, dawa inayotumika kwa waliovimba ubongo baada ya ajali, nayo ndiyo huzuia maji yasinyonywe haraka, tukazipima na kuzichanganya na maji ya kunywa yaliyopoa, kwa kiwango kilichoandikwa daftarini. Tukakamulia ndimu. Nilionja. Si mbaya, ni kama sharubati iliyotengenezwa na mtu asiyewapenda wageni.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa kazini kabla ya mlinzi kukabidhi zamu. Nyanzala alikaa kwenye benchi, akaanza kunywa. Kikombe cha kwanza kilikaa. Cha pili kikakaa. Baba yake alipanga njiti za kiberiti juu ya goti lake, moja kwa kila kikombe, na kila alipoweka njiti alimtazama bintiye usoni kabla ya kumwashiria aendelee. Daktari Mrisho alikuja mara mbili kumbonyeza tumbo. Kwenye kikombe cha sita Nyanzala alifumba macho, tukadhani anatapika, kisha akafumbua na kusema sasa anajua ng'ombe wanavyojisikia wakifika lambo wakati wa kiangazi. Baba yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone.

Alipomaliza kikombe cha mwisho umeme ukakatika.

Mnajua wenyewe. Jenereta liliwaka, lakini jenereta ni la chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi kwanza, na mashine yetu ikizimika ghafla inataka iamke kwa adabu, ijipime, ipashe moto, ndipo ikubali kazi. Na yale maji hayasubiri mtu. Yanaukunjua utumbo kwa muda mfupi, kisha yanakwenda zake. Dakika tano, dakika kumi. Nyanzala aliniambia kwa sauti ndogo kwamba tumbo linamwendesha. Nilimshika mkono, nikamwomba ajikaze kama anaweza. Niliona saa, nikaona yule mtu wa Igalula. Sikwenda kokote. Nilimwomba Daktari Mrisho ruhusa tumpe vikombe viwili zaidi polepole ili utumbo wa juu uendelee kujaa, naye akakubali kwa kichwa. Mzee Shija akaongeza njiti mbili bila kuuliza.

Umeme ulirudi kwenye dakika ya ishirini na kitu. Niliiwasha mashine nikiwa nimesimama, nikihesabu kila hatua yake kwa mdomo. Tukampandisha mezani. Nesi akamchoma sindano ya kuutuliza utumbo usichezecheze, kisha dawa ya rangi ikaingia mshipani. Nilimwambia kupitia kipaza sauti avute pumzi na aishike. Nikahesabu. Meza ikateleza ndani ya lile duara, ikatoka. Sekunde chache tu, baada ya miaka miwili ya kuumwa.

Picha zilianza kushuka kwenye kioo. Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Utumbo ulikuwa umekunjuka wote. Mikunjo ya juu ilijaa maji safi, kuta zake nyembamba kama karatasi iliyolowa. Nikateremka. Karibu na kiungo cha utumbo mpana ukuta ukawa mnene, umewaka kwa ile dawa ya rangi, na njia katikati imekuwa uzi. Ingekuwa hapo tu, ingeweza kuwa kifua kikuu. Lakini nilipofuata nyuma, utumbo ukawa mzima tena, kipande kizuri kabisa, halafu sehemu nyingine nene, halafu nzima, halafu sehemu ya tatu. Uliruka na kutua, uliruka na kutua. Na pembeni ya zile sehemu nene, mishipa midogo ya damu ilisimama sambamba kama meno ya kitana. Tezi za tumboni hazikuwa zimeoza katikati, na hapakuwa na maji yaliyotuama, kama inavyokuwa mara nyingi kwenye kifua kikuu. Ulikuwa ule ukurasa wa daftari langu, isipokuwa huu ulikuwa unapumua upande wa pili wa dirisha la kioo.

Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Nyanzala alikuwa ameinua kichwa mezani, ananitazama. Alikuwa ameniomba mapema kwamba nikiona kitu nisimfiche, nami nilikuwa nimemjibu kwamba kusoma picha ni kazi ya daktari bingwa, mimi huzipiga. Basi nikainama nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza, maana uso wangu ulikuwa umeanza kumsomea majibu.

Picha zilichukua karibu saa mbili kumfikia Daktari Neema, kwa jinsi mtandao ulivyokuwa unakwenda siku ile. Alipopiga simu, mimi na Daktari Mrisho tulikuwa tumekaa mbele ya kioo, simu katikati yetu. Hakusalimia. Aliniuliza nimehesabu sehemu ngapi zilizoumwa.

"Tatu," nikamwambia.

"Mimi naona nne. Rudi juu kidogo, upande wa kushoto."

Nikarudi juu. Ilikuwepo, fupi, ndogo kama kipande cha kidole, nami nilikuwa nimeipita. Akauliza ni nani aliyemwandaa mgonjwa vizuri namna ile, nikamwambia ni sisi. Kisha akaeleza. Ukiangalia vile ugonjwa unavyoruka, ile mishipa na zile tezi, na ukizingatia kwamba dawa za kifua kikuu zimemalizwa bila nafuu, alihisi zaidi ugonjwa wa Crohn, yaani kinga ya mwili inaugeukia utumbo na kuushambulia kana kwamba ni mgeni. Huku kwetu huonekana kwa nadra, na kwa sababu hiyo hautafutwi. Lakini alituonya kwamba picha peke yake haitoshi. Dawa za ugonjwa ule hushusha kinga, na ukimpa mtu ambaye bado ana kifua kikuu unaweza kumwua. Akataka apelekwe akaingizwe kamera kwenye utumbo na kukatwa vinyama vya kupima.

Daktari Mrisho alikuwa anatazama kioo muda wote. Simu ilipokatika alichukua orodha yake ya Alhamisi mfukoni, akapiga mstari kwenye jina la Nyanzala. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Ningekata moja nikamwachia tatu."

Yeye ndiye aliyewaeleza, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Nyanzala alitaka kuona picha, tukawaita wote wawili mbele ya kioo. Nilijiandaa kufafanua kwa mfano wa bomba na kutu, mfano ninaoupenda sana. Sikuuhitaji. Mzee Shija alisogea karibu, akaweka kidole mahali utumbo ulipokuwa mzima. Akasema amechinja ng'ombe tangu ujana wake, na utumbo mzima ukiuvuta kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili. Kisha akahamisha kidole, bila kuelekezwa, mpaka kwenye sehemu nene ya kwanza. Akasema huu hauonyeshi kidole. Akaenda kwenye ya pili, na ya tatu. Ya nne naye aliipita, jambo lililonifariji.

Walisafiri kwenda hospitali kubwa Mwanza juma lililofuata. Vipimo vya vinyama vilitoka vikikubaliana na picha. Kifua kikuu hakikuonekana. Alianzishiwa dawa. Haikuwa safari laini, nisije nikawadanganya. Dawa za mwanzo zilimvimbisha uso, akanipigia simu akisema watoto wa jirani wanamwita mwezi. Mara moja alilazwa tena kwa homa, na kwa siku nne kila simu yangu ilipolia nilisita kuishika. Lakini alianza kula. Kwanza uji, kisha wali wake mwenyewe, kisha akanitumia salamu kwamba pete haina uzi tena.

Miezi michache kabla sijastaafu, daktari wake aliomba picha ya pili kuona dawa zinafanya nini ndani. Tulibishana kwanza kama inafaa, maana CT ina mionzi na huyu bado ni kijana. Tungekuwa na ile mashine ya sumaku isiyotumia mionzi tungeitumia hiyo. Tukakubaliana mara moja hii ina faida. Nyanzala alikuja peke yake kwa basi la asubuhi, baba yake akiwa shambani kwa sababu ilikuwa msimu wa kupanda na mwenye nguvu kuliko wote nyumbani alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu. Mwenye nguvu, akanieleza, ni yeye mwenyewe. Alivinywa vile vikombe kama mtu aliyekaribishwa sharubati, na umeme siku hiyo haukuthubutu.

Nilizituma picha, nikammiminia mgonjwa chai, nikakaa kusubiri. Daktari Neema alipiga baada ya nusu saa. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo, ya mtu anayetaka kukosoa bila kumwaibisha mkubwa wake.

"Mama, shikamoo. Nadhani umenitumia picha za mtu mwingine. Huyu utumbo wake ni mzima."

Niliangalia jina kwenye kioo, namba ya faili, kisha nikageuka nikatazama kwenye benchi la ukumbini, kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Marahaba," nikamwambia. "Ni yeye, daktari. Namwona hapa, anakula chapati ya tatu."